Mwanangu, kuhusu lile swali la kurudi

Mwanangu Idrisa,

Salamu nyingi kutoka Temeke. Sisi wazima. Shangazi yako anakusalimu, na ule mwembe wa uani mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Umesema klabu moja ya mpira wa kikapu ya hapa Dar imekupigia, inakutaka msimu ujao, na kwamba huko Ulaya huu ni mwaka wa pili unakaa benchi. Kisha ukauliza kwa ile sauti yako ya chini: "Mama, nikirudi, si ndiyo nimeshindwa?" Sikutaka kukujibu kwenye simu kwa sababu ningelia. Ndiyo maana nakuandikia.

Nimelitoa kabatini lile daftari la marehemu baba yako, lenye jalada la buluu. Mwaka 2009, timu za NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua vijana wapya na Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet akachaguliwa wa pili, na timu ya Memphis, nyumba hii haikulala. Wewe ulikuwa mdogo, ukasinzia mapajani mwangu. Baba yako akaanza kutafuta ni nani mwingine mwenye urefu wa Hasheem, mita 2.21. Jina alilolipata akaliandika chini ya la Hasheem: Ha Seung-jin, Korea Kusini. Tangu usiku ule akamfuatilia Mkorea yule kama mtoto wa ndugu yake.

Ha ni jina la ukoo, kwao linatangulia. Alizaliwa 1985 katika nyumba ya mpira wa kikapu. Baba yake aliichezea timu ya taifa, na dada yake, Ha Eun-ju, mwenye mita 2.02, naye akawa senta wa timu ya taifa ya wanawake. Juni 2004, hata miaka 19 hajafikisha, Portland Trail Blazers, timu ya NBA, wakamchagua akiwa wa 46. Akawa Mkorea wa kwanza kucheza NBA. Hebu fikiri mzigo huo kwenye mabega ya kijana wa umri ule.

Kwa misimu miwili alicheza mechi 46. Baba yako aliona namba imejirudia, akaizungushia kalamu nyekundu. Timu inacheza mechi 82 kwa msimu, mwanangu, kwa hiyo hesabu mwenyewe jioni alizokaa akiwatazama wenzake. Wastani wake ulikuwa pointi moja na nusu. Mwaka 2006 Portland wakampeleka Milwaukee, timu nyingine ya NBA, katika mabadilishano ya wachezaji, Milwaukee hawakumbakisha, akaishia Anaheim, katika ligi ndogo iliyo chini ya NBA. Halafu akarudi kwao.

Mwaka 2008 timu za ligi ya Korea, KBL, zilipochagua vijana wapya, yeye alikuwa wa kwanza kabisa. Walimchukua KCC wa mji wa Jeonju. Kule timu ni za makampuni, na KCC ni watu wa rangi na vifaa vya ujenzi. Sasa sikiliza, maana hapa baba yako alikuwa akinieleza mpaka chai inapoa: ligi ile inaweka kikomo cha wachezaji wa kigeni, na timu nyingi huwatumia Wamarekani kulinda chini ya kikapu. Ukiwa na Mkorea wa mita 2.21, una mtu wa kazi hiyo ambaye hahesabiwi kuwa mgeni. Mwili uliokaa benchi Portland, Jeonju wakaujengea timu nzima.

Usidhani alikuta nafasi tupu. Alimkuta Seo Jang-hoon, mita 2.07, aliyekuja kustaafu na pointi 13,231, mfungaji mkubwa wa ligi ile. Wote wawili walitaka dakika zilezile, na kabla mwaka haujaisha Seo akahamishiwa timu nyingine. KCC wakachukua ubingwa wa 2009, Ha akawa mchezaji bora chipukizi. Mwaka 2011 wakachukua tena, na safari hiyo yeye ndiye mchezaji bora wa fainali. Alipoondoka 2012 kulitumikia taifa kwa miaka miwili, kama sheria ya kwao inavyowadai vijana wa kiume, msimu uliofuata KCC wakamaliza mkiani.

Na nyumbani kuna maneno, sikufichi. Januari 2015 aligongwa pua uwanjani ikavunjika. Anatolewa nje, uso umeumia, shabiki mmoja akamrushia neno la kejeli. Akageuka kumfuata, ikabidi wamshike. Nilipoiona ile video nilimlilia kama wangu. Hapa Dar nako utayasikia: "Ulaya ilimshinda huyo." Watasema wiki mbili, tatu.

Alistaafu Mei 2019, akiwa na miaka 33, baada ya KCC kutompa mkataba mpya. Jezi ya timu nyingine ya Korea hakuivaa kamwe.

Mimi katika maisha yale ninachokionea uchungu ni zile jioni za benchi. Kurudi kwake sioni kushindwa hata nikitafuta kwa taa. Hata Hasheem, wa pili kati ya wote waliochaguliwa mwaka wake, msimu wa kwanza tu alipelekwa ligi ndogo, na 2012 akapita Portland ileile. Je, nimwite kijana wetu yule mshindwa? Siwezi.

Lakini usirudi kwa ajili yangu. Presha yangu naimeza na vidonge vyake, na shangazi yako yupo. Rudi kama wanakuhitaji uwanjani. Waulize nani anacheza nafasi yako sasa na wamepanga kumfanyia nini, na mshahara wauandike kwenye mkataba, si wa mdomo.

Kabla ya hayo nina ombi moja. Chukua karatasi, andika dakika ulizocheza tangu msimu uanze, mechi kwa mechi, na zile za sufuri usiziruke. Baba yako angekuomba hizo kwanza. Jumapili baada ya alasiri nitakuwa barazani na simu. Unisomee polepole, niziandike. Daftari bado lina kurasa.

Mama yako