Neiloni ya faiba na mashine yako: maswali yenu nimeyajibu

Wengi mmeuliza kuhusu kutumia neiloni yenye faiba ya kioo (vijiuzi vyembamba vya kioo) kwenye mashine ya sindano, ile inayoyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya moldi. Neiloni yenyewe ni ile ya kioo asilimia 30 wanayotengenezea feni za radieta na spea kibao za gari.

Mashine yangu ni ya ndoo na beseni, itaiweza?

Mali itatoka, shida inakuja baadaye. Kioo kinasugua chuma kama msasa na kinaanza na ile ringi ya mbele ya skrubu (ile parafujo kubwa inayoyeyusha na kusukuma plastiki), ikishalika plastiki inarudi nyuma wakati wa kushindilia, utaona skrubu haitulii na kila kipande kina uzito wake. Kama kazi ni ya kudumu tafuta bareli (silinda inamozunguka skrubu) ya baimetali, yaani yenye ganda gumu la metali nyingine ndani, na skrubu yenye kingo ngumu.

Malighafi nimenunua ya bei, mbona vipande vinakatika?

Kwanza, umeikausha? Neiloni inataka unyevu chini ya asilimia 0.2, joto la nyuzi 80 za Selsiasi kwa masaa kadhaa. Kama umekausha basi choma kipande kwenye tanuru mpaka plastiki yote iishe, ile nyeupe inayobaki ndiyo faiba, iangalie kwa hadubini. Faiba hukatwa milimita 3 au 4 hivi, ikichanganywa kuwa punje inabaki chini ya nusu milimita, sasa na wewe ukizungusha skrubu mbio na presha ya nyuma (ile inayoizuia skrubu inaporudi) umepandisha juu unaisaga unga kabisa, halafu unalaumu muuzaji! Skrubu iwe ya mkandamizo mdogo (kina cha mifereji yake nyuma kikilinganishwa na mbele), 2 kwa 1 au 2.5 kwa 1, izunguke taratibu, nozo (mdomo wa mashine) na geti (tundu la kuingizia plastiki kwenye moldi) ziwe pana. Hita za nyuma pandisha kidogo punje zilainike kabla hazijabanwa, hapo ndipo faiba nyingi huvunjikia.

Kifuniko cha duara kinapinda, kupoza zaidi hakujasaidia

Haitasaidia sana ndugu yangu. Faiba nyingi zinalala kufuata mkondo, upande huo kinasinyaa kama asilimia 0.3 tu, upande wa kukatiza inaweza kukaribia 1. Geti lako bila shaka liko pembeni, lilete katikati. Hii ni ya kuamua kabla moldi haijakatwa.

Moldi ya chuma cha P20 inatosha?

Kwa oda ndogo sawa. Oda kubwa tumia chuma cha H13 kilichochomwa kikawa kigumu, na geti lifanye kipande cha kuchomoa maana ndilo linaloliwa mapema.

Mabaki nisage nirudishe?

Kidogo, ukichanganya na mpya. Kila ukisaga faiba inafupika, kwa hiyo kwenye feni usiyatumie.