Maswali ya Wasomaji: Hadithi Fupi Imenikamata, Sasa Nianze na Kitabu Kipi?

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nimesoma hadithi fupi ya fantasia ya mwandishi ambaye sikuwahi hata kulisikia jina lake. Inasimulia mambo yaliyotokea kabla ya riwaya zake tano, na niliimaliza usiku huohuo. Sasa nazitaka zote. Nifuate mpangilio wa matukio au wa kuchapishwa? Na nitajuaje kama riwaya zenyewe zitanifaa?

JIBU: Hongera kwa kumpata. Fuata mpangilio wa kuchapishwa. Mwandishi anapoandika kitabu cha baadaye huchukulia kwamba cha kwanza umeshakisoma, hata kama kinasimulia mambo ya zamani zaidi. Mfano mzuri ni vitabu vya Narnia vya C. S. Lewis. *The Lion, the Witch and the Wardrobe* kilitoka mwaka 1950. *The Magician's Nephew*, kinachoeleza nchi hiyo ya kubuni ya Narnia ilivyoanza, kikatoka 1955. Katika kile cha 1950, msichana mdogo anatokea msituni kwenye theluji na kukuta taa ya barabarani inawaka katikati ya miti. Ni fumbo tamu. Ukianza na cha 1955 utafika pale ukiwa tayari unajua taa imetoka wapi, na utamu wote umekwisha.

Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa hakimiliki wa hadithi uliyosoma utazame mwaka. Zipo hadithi tangulizi, yaani zinazosimulia mambo ya kabla ya riwaya kuu, zilizoandikwa kabla ya riwaya hizo, mwandishi akiwa bado anaupima ulimwengu wake. Ursula K. Le Guin alichapisha hadithi fupi mbili za Earthsea, ulimwengu wake wa kubuni wa visiwa, mwaka 1964, na riwaya ya kwanza ikaja 1968. Kwa hadithi za namna hiyo, usishangae ukikuta kanuni za uchawi au historia ya visiwa imebadilika riwayani. Nyingine huandikwa baadaye. *The Hedge Knight* ya George R. R. Martin ilitoka 1998, miaka miwili baada ya riwaya ya kwanza ya mfululizo wake, ingawa matukio yake yanaitangulia kwa miaka 90 hivi. Hizi za baadaye ndizo kipimo cha kuaminika zaidi cha riwaya zenyewe, kwa sababu mwandishi ameshaujua ulimwengu wake kona zote.

Kuhusu kama zitakufaa: lugha, mazungumzo na jinsi uchawi unavyomgharimu anayeutumia, kwa kawaida hivyo utavikuta tena. Mwendo ndio hubadilika. Hadithi fupi mara nyingi ina mhusika mkuu mmoja na tatizo moja. Riwaya ndefu inaweza kuwa na wasimulizi sita na vita vya falme tatu. Pakua sura za kuonjea ambazo maduka mengi ya mtandaoni hutoa bure, usome zote. Kama sura ya tatu imekwisha na bado hujui mhusika mkuu anataka nini, huenda mwandishi huyu ni hodari wa hadithi fupi kuliko riwaya, na hilo si aibu. Tafuta mikusanyo yake.

Angalia pia jalada la nyuma uone riwaya inamhusu nani. Wasomaji wengi huvunjika moyo kwa sababu mhusika waliyempenda kwenye hadithi tangulizi, riwayani ni mzee wa kurasa mbili au alishakufa.

SWALI: Nilipakua novela tangulizi (ndefu kuliko hadithi fupi, fupi kuliko riwaya) kwenye simu. Ilipofika asilimia 70 ikaisha ghafla. Faili ni bovu?

JIBU: Yaelekea ni zima. Wachapishaji hupenda kubandika mwishoni sura za mwanzo za riwaya ya kwanza, na simu huzihesabu humo humo. Fungua yaliyomo utaziona. Ndiyo maana idadi ya kurasa dukani inadanganya. Tafuta idadi ya maneno ikiwa imetajwa. Kwa vigezo vya Hugo na Nebula, tuzo za hadithi za kisayansi na fantasia, novela huanzia maneno 17,500 na haizidi 40,000. Yenye maneno 20,000, ukisoma maneno 250 kwa dakika, itakuchukua kama saa moja na dakika 20.

SWALI: Mwandishi anatoa hadithi yake tangulizi bure nikimpa barua pepe yangu. Nikubali?

JIBU: Kubali, ila tumia anwani uliyoitenga kwa mambo kama hayo, na hifadhi faili mara moja maana kiungo cha kupakulia huweza kufa. Ukichoshwa na barua zake, kiungo cha kujiondoa huwa chini kabisa.

Baadaye ukiiona hadithi ileile inauzwa, usikimbilie kulipa wala kuipuuza. Linganisha urefu kwanza. *New Spring* ya Robert Jordan ilitoka 1998 ikiwa novela ndani ya mkusanyo wa waandishi mbalimbali, na mwaka 2004 ikatoka tena kwa jina hilohilo ikiwa imepanuliwa kuwa riwaya kamili. Aliyesoma ya kwanza tu bado ana mengi ya kusoma.