Saini Inayofanana Mno na Nyingine

Msomaji mmoja ameniandikia akitaka nimfundishe kutambua saini ya kughushi kwa kuitazama tu. Ombi hilo limenikumbusha wakuu wangu wa zamani, ambao kila hati ikifika walitaka niitupie jicho, niseme ndiyo au hapana, kisha kazi iendelee.

Nilikuwa mhakiki wa nyaraka katika ofisi ambayo sitaitaja. Uliletwa mkataba wa mauziano ukiwa na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na saini zilizokuwa kwenye karatasi hizo mbili zilifanana kabisa. Wenzangu waliuona mfanano huo kuwa uthibitisho tosha. Mimi nilizipachika moja juu ya nyingine mbele ya taa, nikaona kila mkunjo umelala juu ya mwenzake, nikakataa kuupitisha mkataba. Mkono wa binadamu haurudii saini yake vilevile. Ukikuta mbili zinazolandana hadi kwenye nukta, yaelekea moja imechorwa kwa kufuatisha nyingine. Niliambiwa kwamba ninachelewesha biashara za watu. Muuzaji alipopigiwa simu kwa namba iliyokuwa katika jalada la zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye mkataba, alisema hajauza chochote. Hakuna aliyenishukuru, na jambo hilo linanikera hadi leo.

Hoja yangu haikuwa ngeni. Nchini Marekani, katika kesi ya wasia wa Sylvia Ann Howland iliyoamuliwa mwaka 1868, mwanahisabati Benjamin Peirce alitoa ushahidi kuhusu saini mbili zilizolingana katika mistari yote 30 inayochorwa kwa kushusha kalamu, akakokotoa kwamba uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati ni mdogo kupita kiasi. Hesabu yake imekosolewa, tena kwa haki, kwa kuwa ilichukulia kila mstari kana kwamba hauhusiani na mwingine, na kesi yenyewe iliamuliwa kwa msingi mwingine wa kisheria. Hata hivyo, wazo la msingi limebaki na nguvu.

Zipo dalili nyingine za macho: mstari unaotetemeka mahali ambapo mwenye saini huandika kwa kasi, kalamu iliyoinuliwa bila sababu, ncha butu mwishoni mwa herufi. Lakini macho yana mpaka. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler. Wataalamu wa mwandiko walizilinganisha na sampuli walizopewa, wakaziafiki. Kumbe miongoni mwa sampuli hizo zilikuwamo kazi za mghushi yuleyule, Konrad Kujau. Zilizomuumbua ni karatasi na vifaa vya kujalidia, kwani chini ya taa ya urujuanimno ilionekana kemikali ya kung'arisha ambayo haikuwa ikitumika enzi za Hitler.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, uliza sampuli imetoka wapi. Usikubali ile iliyoletwa na mtu yuleyule aliyeleta hati. Tafuta saini kadhaa zilizowekwa kabla ya mgogoro, katika shughuli za kawaida. Hali kadhalika kwa vyeti: mwulize aliyevitoa, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe. Nalirudia hili kwa makusudi, maana watu hulisikia, huitikia, kisha hupiga namba iliyochapishwa kwenye cheti kilekile wanachokitilia shaka. Tena dai hati halisi, kwa kuwa nakala huficha mgandamizo wa kalamu na mahali palipofutwa.

Nanyi mnaotia saini karatasi tupu kwa sababu mnamwamini mtu, acheni. Pigeni mstari kwenye nafasi zilizobaki wazi, wekeni namba na saini katika kila ukurasa, andikeni kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno. Na picha ya saini yako iliyobandikwa kwenye faili la kompyuta haikulindi, kwani yeyote anaweza kuinakili na kuibandika kwingine. Saini ya kidijitali ni kitu kingine: hutengenezwa kwa ufunguo wa siri anaopaswa kuwa nao mwenyewe peke yake, na hufungamana na yaliyomo ndani ya hati, hivyo herufi moja ikibadilishwa uhakiki hukataa. Ukiwa nayo, usimwachie msaidizi wako ufunguo huo hata kwa siku moja.