Transista ya pawa isiyo na namba: mita peke yake haitoshi

Mafundi redio wengi tuna lile kopo: transista za chuma (vipande vinavyokuza mkondo wa umeme) zilizong'olewa kwenye amplifaya na runinga za zamani, zile pana zenye miguu miwili na matundu mawili ya skrubu. Nyingi namba zimefutika. Nyingine zinazo, ila ni namba za kiwanda kilichounda redio, hutazipata kwenye kitabu chochote. Kwangu jina si hoja. Nataka kujua inabeba nini.

Anza na mita kwenye alama ya dayodi (kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu). Transista ina ncha tatu: besi inayopokea mkondo mdogo wa kuiongoza, na kolekta na emita ambazo mkondo mkubwa hupita kati yake. Umbo hili kwa kawaida bodi, yaani ganda la chuma, ndiyo kolekta, kwa hiyo unatafuta besi tu: ni mguu unaosoma kwenda kwenye bodi na kwenye mguu mwenzake, ukigeuza waya hausomi kitu. Waya mwekundu ukiwa kwenye besi, ni NPN, aina inayowashwa kwa chanya kwenye besi. Ukiwa mweusi, ni PNP, inayowashwa kwa hasi. (Wenye mita za mshale, kumbukeni kwamba kwenye omu nyingi zake chanya hutoka kwenye waya mweusi.) Transista ya silikoni kama 2N3055 husoma volti 0.5 hadi 0.7. Ikisoma 0.1 au 0.2 usidhani imeungua. Hiyo imeundwa kwa jerimaniamu badala ya silikoni, ukoo wa OC28 na AD149. Ikikataa kufuata utaratibu huu kabisa, huenda si transista. LM309K, regileta (kifaa cha kutuliza umeme) ya volti 5, imevaa bodi hiyohiyo.

Inayotupwa bure kuliko zote ni ya runinga, kama BU208D. Kati ya besi na emita mita inaonyesha makumi machache ya omu pande zote mbili, na fundi anasema imeshoti. Haijashoti. Ndani kuna resista, na dayodi kati ya emita na kolekta.

Sasa mkondo wa kweli, maana mita inapitisha miliampia chache tu na transista hii imeundwa kwa ampia. Chukua betri ya volti 12 na balbu ya gari ya wati 5. Kwa NPN, emita iende hasi, kolekta ipitie kwenye balbu kwenda chanya. PNP geuza betri. Besi ikiwa haijaguswa, balbu isiwake. Kisha peleka chanya kwenye besi kupitia resista ya kilo-omu 1 (kwa PNP, hasi). Balbu inavuta kama ampia 0.4, besi inapata kama miliampia 11, kwa hiyo ikiwaka vizuri transista inakuza walau mara 35 hivi. Pima pia volti kati ya kolekta na emita balbu ikiwaka: chini ya volti 1 ni nzuri. Ikiwaka kwa unyonge, bodi itapata moto haraka, usiiache hapo. Balbu ya BU208D haitawaka kwa kilo-omu 1 kwa sababu resista ya ndani inakula mkondo wote. Ipe omu 150 za wati 2.

Jerimaniamu ishike kiganjani wakati besi iko wazi na mita ya miliampia imekaa kwenye kolekta. Mkondo utapanda kwa joto la mkono, ndiyo tabia yake. Ukiendelea kupanda bila kutulia, hiyo si ya amplifaya tena.

Balbu haikuambii volti. Mimi huandika kwenye kikaratasi volti za mashine ilikotoka, na transista ya volti 40 siifungi kwenye mashine ya 60.