Maswali ya Wasomaji: Manispaa Isiyo Mji

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba manispaa ya Inari, kaskazini kabisa mwa Ufini, haifikishi hata mtu mmoja kwa kilomita moja ya mraba. Mimi nikisikia manispaa nafikiria mji. Je, pori linaitwaje manispaa, na hao watu wachache wanaishi wametawanyika, kila mmoja peke yake?

JIBU: Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo lililokuchanganya. Neno la Kifini kunta, ambalo tumezoea kulitafsiri "manispaa", halimaanishi mji. Ni ngazi ya msingi ya serikali za mitaa, yenye baraza la kuchaguliwa na mamlaka ya kutoza kodi, na Ufini bara yote imegawanywa katika kunta hizo bila kubakiza kipande kisicho na mwenyewe. Ndiyo maana Kauniainen, jirani na Helsinki, ina wakazi wapatao 10,000 katika kilomita 6 za mraba, ilhali Inari ina wakazi wapatao 7,000 katika eneo linalozidi kilomita 17,000 za mraba, na zote mbili ni kunta mbele ya sheria.

Katika eneo hilo la Inari, zaidi ya kilomita 2,000 za mraba ni maji. Ziwa Inari, la tatu kwa ukubwa nchini humo, huchukua karibu nusu ya maji hayo, nalo lina visiwa zaidi ya 3,000. Ukiyatoa maji, nchi kavu inabaki kilomita 15,000 hivi za mraba, na hapo ndipo unapopatikana ule wastani wa takriban nusu mtu kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu ni sahihi. Picha inayoleta akilini ndiyo inayopotosha, kwa kuwa hakuna anayeishi kwa wastani.

Watu wa Inari wamejikusanya. Zaidi ya 3,000 wako Ivalo, penye ofisi za manispaa na uwanja wa ndege. Kilomita 40 hivi kaskazini kipo kijiji cha Inari, ambako Bunge la Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, limekuwa na makao yake katika jengo la Sajos tangu 2012, na kusini mwa Ivalo kipo Saariselkä, kijiji cha watalii. Vyote vitatu viko kando ya barabara kuu namba 4 itokayo Helsinki. Ukiiacha barabara hiyo, unaweza kusafiri kutwa nzima kati ya misonobari, vinamasi na vilima vipara bila kuona paa la nyumba.

Hata hivyo, sikubaliani na neno "pori". Kulungu wa kaskazini, ambao huko hufugwa, hutegemea kuvumwani, yaani muungano wa kuvu na mwani, wakati wa majira ya baridi. Malisho hayo hukua milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo kundi lisipopewa nafasi ya kuhama humaliza malisho yasiyorudi upesi. Ardhi isiyo na nyumba si lazima iwe ardhi isiyotumika.

Uchache huo pia hauna maana kwamba watu ni wa aina moja. Kibao cha barabarani hulitaja jina la manispaa mara nne: Inari kwa Kifini, Anár kwa Kisami cha Kaskazini, Aanaar kwa Kisami cha Inari na Aanar kwa Kisami cha Skolt, na hakuna manispaa nyingine Ufini yenye lugha rasmi nne. Wasami wa Skolt wengi walitoka Petsamo, eneo lililochukuliwa na Muungano wa Kisovyeti mwaka 1944, wakapewa makazi mapya, hasa katika kijiji cha Sevettijärvi, ndani ya Inari.

Gharama ya umbali ndiyo kero ya kila siku. Hospitali kuu ya jimbo iko Rovaniemi, karibu kilomita 290 kusini mwa Ivalo. Mwanafunzi wa elimu ya msingi anayekaa zaidi ya kilomita 5 kutoka shuleni hustahili usafiri wa bure, na kwa wengine usafiri huo ni teksi, ambayo mwezi wa Desemba, jua lisipochomoza kabisa, humchukua gizani asubuhi na kumrudisha gizani mchana.