Maswali ya Wasomaji: Nani Alimshusha Edith Wharton, na Nani Alimpandisha?

Tangu tulipomtaja Edith Wharton (1862–1937), Mmarekani aliyeandika riwaya juu ya matajiri wa New York, barua zimekuwa zikija. Tunajibu tano, tukiwa tumezifupisha.

Assalaam aleikum, dawati la fasihi. Ninaandika tasnifu ya uzamili na msimamizi wangu anataka sura moja juu ya upokezi wa Wharton, yaani namna wasomaji na wahakiki walivyompokea. Kila utangulizi unasema alisifiwa, akasahauliwa, kisha akafufuliwa na wahakiki watetezi wa wanawake. Sura yangu imeishia kurasa tatu. Niongeze nini? (Mwanafunzi, Tudor)

Waaleikum salaam, mwanangu. Sura imekwama kwa sababu umeibeba hadithi hiyo kama ilivyo, nayo haina nyama. Acha kuuliza nani alimpenda na nani alimchukia. Uliza kila mhakiki alikuwa na nini mezani alipoandika: vitabu gani, barua zipi, na kilio gani cha zama zake.

Anza na 1905. Riwaya yake The House of Mirth ilitoka kwa sehemu katika Scribner's Magazine, ikawa kitabu mwezi wa Oktoba, na kufikia mwisho wa mwaka nakala 140,000 zilikuwa zimechapishwa. Ubishi wa wakati ule ulikuwa wa maadili: je, matajiri wako hivi kweli, na Lily Bart, msichana wa miaka 29 anayetafuta mume wa kumtunza, anastahili kuhurumiwa? Pamoja na hilo kuna wimbo utakaoukuta kila mahali, kwamba Wharton ni mwanafunzi wa Henry James, mwandishi wa riwaya. Wahakiki waliukariri miaka na miaka bila kuupima, na yeye mwenyewe ulimchosha.

Kushuka kwake kulianza wakati bado ana jina kubwa. Mwaka 1921 mhakiki Vernon Parrington aliipitia riwaya yake The Age of Innocence, akaisifu kazi ya mkono wake, kisha akasema kipaji hicho kinamalizwa juu ya matajiri wasio na maana. Shika neno hilo, maana ndilo lililomkaba. Kufikia miaka ya 1930 uchumi wa Marekani umeanguka, wahakiki wanataka riwaya za wafanyakazi na wakulima, naye anaishi Ufaransa na kuchapisha katika majarida ya wanawake yanayolipa vizuri. Walimhukumu kwa anwani yake na kwa watu aliowaandika, kabla ya kuangalia alichosema juu ya watu hao. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa dhulma.

Wharton alifariki 1937, na mwaka uliofuata mhakiki Edmund Wilson aliandika makala ya kumtetea. Isome kwa makini, kwa sababu inapandisha na kushusha kwa wakati mmoja. Inakiri ukali wa riwaya zake za kati, lakini inasema nguvu hiyo ilitoka katika misukosuko ya nafsi, na kwamba vitabu vya mwisho ni dhaifu. Mwaka 1947 Percy Lubbock akatoa kitabu cha kumbukumbu kinachomchora kama bibi mkubwa wa sebuleni, mwenye hadhi na baridi. Wanafunzi wengi huanguka hapa: humnukuu Lubbock kama shahidi asiye na upande. Alikuwa rafiki aliyetengana naye baada ya kuoa mwanamke ambaye Wharton hakumpenda, na kila ukurasa wake usomwe hivyo.

Halafu kuna tarehe isiyo na kelele: 1968. Mwaka huo nyaraka zake zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale zilifunguliwa. Kutoka humo ukaja wasifu wa R. W. B. Lewis, 1975, uliopata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, na watu wakagundua kwamba bibi wa sebuleni alikuwa na mapenzi ya siri na mwandishi wa habari Morton Fullerton. Cynthia Griffin Wolff akafuata 1977 na uchambuzi wa kisaikolojia. Kumbuka kwamba barua zipatazo 300 alizomwandikia Fullerton zilijitokeza 1980 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Texas. Lewis na Wolff waliandika bila kuziona. Ukiwalaumu kwa kutozitumia, mtahini atakukamata.

Mwaka huohuo wa 1980, mhakiki Elizabeth Ammons alisoma riwaya hizi kama hoja juu ya mahali pa mwanamke katika uchumi wa Marekani. Hapa upokezi uligeuka kwelikweli, na huo mgeuko unaweza kuuonyesha kwa hesabu zilizomo ndani ya riwaya. Lily wa The House of Mirth anapewa na Gus Trenor, mume wa rafiki yake, karibu dola 9,000 akidhani ni faida ya mtaji wake mwenyewe. Shangazi yake anamwachia urithi wa dola 10,000 tu, na karibu zote zinakwenda kulipa deni hilo. Mhakiki wa 1905 aliuliza kama Lily ni mwema. Mhakiki wa 1980 alilihesabu deni. Maneno ya kitabu ni yaleyale.

Sasa kazi ya mikono. Chora jedwali lenye safu tano: mwaka, mhakiki, chombo kilichochapisha, riwaya inayojadiliwa, nyaraka alizokuwa nazo. Usizidishe riwaya mbili. Kwa kila moja tafuta mapitio sita ya mwaka iliyotoka. Yamekusanywa katika Edith Wharton: The Contemporary Reviews (Cambridge, 1992), na maktaba yako ikikosa, mwombe mkutubi aazime kutoka chuo kingine. Andika tarehe ya kwanza ya kila makala: ya Wilson ni 1938, ingawa wengi huinukuu kama ya 1941 ilipoingia kitabuni, na miaka hiyo mitatu huvuruga mpangilio wote. Wasifu wa Lewis ulikosolewa baadaye kwa makosa ya tarehe na utambulisho wa watu, basi lipime kila jambo kwa ule wa Hermione Lee wa 2007. Ukifika 2012, soma makala ya mwandishi wa riwaya Jonathan Franzen katika jarida la New Yorker iliyozungumzia utajiri na sura ya uso wa Wharton, pamoja na majibu makali aliyopata. Hukumu ya Parrington bado ilikuwa hai, miaka 91 baadaye.

Sisi ni chama cha kina mama cha kusoma vitabu. Baadhi yetu wanauliza, mabwanyenye wa New York wanatuhusu nini? Tuanze na kipi? (Mwalimu mstaafu, Mji wa Kale)

Shikamoo mwalimu. Anzeni na The Age of Innocence (1920). Wengi hupewa Ethan Frome kwa sababu ni fupi na husomeshwa sana shuleni Marekani, lakini hiyo ni ya wakulima maskini wa Massachusetts, haitawajibu wenzenu.

Ina sura 34. Kaeni vikao vinne: sura 1–9, 10–18, 19–26, 27–34. Wanaokata tamaa hukata katika sura tatu za kwanza, kwa sababu ya majina. Chukueni karatasi kubwa mchore koo: Mingott, Archer, van der Luyden, Beaufort, na nani anamuoa nani. Katika kikao cha kwanza simameni kwenye karamu inayoandaliwa kumkaribisha Ellen Olenska aliyemkimbia mumewe: waalikwa karibu wote wanakataa, mpaka wazee wa ukoo wa van der Luyden wanapomwalika kwao, hapo kila mtu ananyamaza. Aliyewahi kuona harusi ya hapa mjini ikisusiwa na upande mmoja wa ukoo, kisha mzee mmoja akatia mguu na mambo yakatengenea, hahitaji kufafanuliwa sura hiyo.

Msisome mapitio kabla ya kumaliza. Baada ya kikao cha nne, msomaji mmoja aeleze lalamiko la mwandishi Katherine Mansfield, 1920, kwamba riwaya hii ni nzuri lakini ya baridi mno. Kisha rudini sura ya 33, karamu ya kumuaga Ellen, ambapo watu wanamtoa mwanamke mjini kwa tabasamu na vyombo vya fedha. Amueni wenyewe kama hapo pana baridi. Kwetu sisi, Mansfield hakuisikia hofu iliyomo.

Nimesikia tuzo yake ilikuwa ya mtu mwingine. Kweli? (Msomaji, Likoni)

Nusu kweli. Mwaka 1921 jopo la waamuzi wa Pulitzer lilipendekeza riwaya Main Street ya Sinclair Lewis. Wadhamini wa Chuo Kikuu cha Columbia wakaligeuza, wakampa Wharton kwa The Age of Innocence, naye akawa mwanamke wa kwanza kushinda Pulitzer ya riwaya. Masharti yalitaka kitabu kinachoonyesha maisha mema ya Kimarekani. Yeye mwenyewe alimwandikia Lewis kwamba kusikia anatuzwa kwa kuinua maadili kulimvunja moyo. Lewis akamtabarukia riwaya yake Babbitt, 1922. Kwa hiyo hata tuzo ni ushahidi wa kusomwa vibaya.

Mbona mnamsifu tu? Hakuwa mbaguzi? (Kijana, Majengo)

Swali lako ni la haki, ndugu yetu, na ndilo sura ya sasa ya uhakiki wake. Simon Rosedale, tajiri Myahudi katika The House of Mirth, amechorwa kwa kejeli za chuki zilizozoeleka wakati ule. Mwaka 1925 Wharton alimwandikia F. Scott Fitzgerald akimsifu kwa mhusika wake Myahudi. Jennie Kassanoff alitoa kitabu kizima mwaka 2004 juu ya siasa za rangi na nasaba katika kazi zake.

Kwa msomaji wa Afrika tunaongeza In Morocco (1920). Alizuru Moroko 1917 akiwa mgeni wa Jenerali Lyautey, aliyetawala kwa niaba ya Ufaransa, na kitabu kina sura nzima ya kumsifu jenerali huyo. Alipoingizwa kwa wanawake wa ndani, aliona uvivu na kifungo tu. Mwandishi aliyejua vizuri namna mwanamke anavyofungwa katika sebule za New York hakuuliza wanawake wale wanajua nini, wanamiliki nini, wanaamua nini. Kisomeni kando ya The Age of Innocence. Bado pana nafasi kubwa ya makala kutoka pwani yetu.

Naweza kutafsiri hadithi yake kwa Kiswahili na kuichapisha? (Mfasiri, Nyali)

Hapa Kenya, ndiyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda kazi ya fasihi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, na miaka hiyo ilikwisha 1987. Matini ya asili utayapata bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Tahadhari zipo tatu. Usitafsiri utangulizi wala maelezo ya matoleo mapya, hayo yana wenyewe. Usiguse The Buccaneers iliyomaliziwa na Marion Mainwaring mwaka 1993. Na ukitaka kuuza Marekani, huko kazi za zamani huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo Roman Fever ya 1934 ihesabu kuwa bado imefungwa, ilhali hadithi zake za kabla ya 1920 ziko wazi.