Masika yakianza, usipange safari ya treni kwa saa

Kila mwaka mvua ikianza kupiga mabati ya Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, mwishoni mwa mwezi wa kumi au mwanzoni mwa wa kumi na moja, simu yangu huanza kulia. Ni mama wa soko, wengine hata sura siwajui, wamepewa namba na mtu. "Yaya (dada), treni ya Kamina inatembea? Nibebe nini? Nitafika siku gani?" Siku zote nawajibu mmoja mmoja. Safari hii nimeamua kuandika, ili atakayeuliza nimtumie asome.

Mimi nauza samaki wa kukaushwa. Nawanunua Bukama, kwenye mto Lualaba, nawaleta soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Nikiwa na mtaji wa kutosha naendelea hadi Kamina na kurudi na mawese. Njia hiyo nimeipita kwa miaka kumi na miwili, kiangazi na masika.

Jambo la kwanza, na ndilo lililoniumiza zaidi: usimuahidi mtu siku ya kufika. Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, nilikuwa nimepokea zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchanga pesa na kupeana kwa zamu. Pesa yote nikaiingiza kwenye samaki, na nikawaambia wenzangu kwamba Jumamosi nitakuwa nyumbani, Jumapili nitaanza kurudisha. Treni ilitoka Bukama vizuri. Tulipopita Luena, mashine inayovuta treni ikafa. Tukasukumwa kwenye reli ya pembeni ya stesheni ndogo, jengo moja na mwembe mmoja, tukakaa siku tatu.

Mvua ilinyesha usiku wa kwanza wote. Behewa letu lilikuwa linavuja juu ya dirisha, na maji yalitembea sakafuni taratibu mpaka chini ya matenga yangu. Mimi nililala. Asubuhi nilipofungua tenga la chini, samaki walikuwa laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na ile harufu ya moshi ninayoipenda ilikuwa imegeuka kuwa nyingine. Siku ya pili wakaingia funza. Nilikaa pale nawachagua mmoja mmoja, wazima huku, wabovu kule, na rundo la wabovu likazidi kukua. Deni la likelemba nililimaliza baada ya miezi minne, na kuna rafiki mmoja ambaye mpaka leo hatusalimiani kama zamani.

Kwa hiyo mzigo wa samaki masika haukai sakafuni. Tafuta vipande viwili vya mbao, weka matenga juu yake, hata kama ni sentimita kumi tu. Turubai lifunike juu na pande, lakini usilifunge kabisa, maana samaki asiyepata hewa huota ukungu hata bila kuguswa na maji. Jua likitoka kidogo, hata la nusu saa, fungua. Samaki wa chumvi ndiye anayehitaji uangalizi zaidi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu. Unamwona amekauka jioni, asubuhi anatoka jasho. Mawese hayana shida hiyo, ila angalia vifuniko vya bidoni, yaani madumu. Treni ikitikisika, kifuniko kibovu kitakufanya ugombane na behewa zima.

Watu wengi wanadhani treni inachelewa kwa uvivu tu. Nami nilidhani hivyo, mpaka mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, tuliyekuwa naye kwenye stesheni ileile, akaniambia, "Mama, njoo uone." Tukatembea kandokando ya reli kama dakika kumi. Akainama, akaonyesha kwa fimbo. Chini ya reli kunatakiwa kuwe na kokoto nyingi, zinashika mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, na kuyapitisha maji. Pale kokoto zilikuwa zimezama kwenye udongo, na maji ya mvua yalikuwa yamepita katikati na kuubeba udongo wenyewe. Taruma moja lilikuwa linaning'inia. Mzee aliingiza mkono wake mzima chini yake, mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa tope. Akasema treni ikipita hapo kwa mwendo wa kawaida, reli inajikunja. Ndiyo maana dereva anatembea polepole kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa, na mimi tangu siku hiyo sijamlaumu dereva kwa kwenda polepole.

Reli hii ni ya zamani. Ilifika Lubumbashi mwaka 1910 ikitokea upande wa Sakania, ikafika Bukama mwaka 1918, na Ilebo mwaka 1928. Ilijengwa kutoa shaba, si kutubeba sisi na samaki wetu. Lakini barabara ya lami inaishia upande wa Kolwezi, na masika barabara ya udongo ya kwenda Bukama na Kamina inameza malori. Kwa hiyo sisi ndio tuliobaki nayo, na ndiyo iliyobaki nasi.

Kuna kitu kingine ambacho mvua hufanya, na unaweza kukiona kwa macho ukitoka Bukama kupanda kwenda Kamina. Lualaba iko chini bondeni, Kamina iko juu. Reli ikilowa, magurudumu ya mashine yanateleza: yanazunguka palepale, yanalia, treni haisogei. Niliwahi kuona wafanyakazi wawili wanatembea mbele ya mashine, mvua inawapiga, kila mmoja ameshika kopo la mchanga na anaumwaga juu ya reli kwa vidole, kama mtu anayetia chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya mihogo. Treni ikashika, ikaenda mita mia, ikateleza tena. Wakarudia. Walifanya hivyo kwa zaidi ya saa moja, na hakuna abiria aliyeshuka kuwapa hata maji. Nasema hivi kwa sababu hasira zetu huwa tunazimwagia watu walio karibu, na walio karibu ndio wanaolowa pamoja nasi.

Sasa, treni ikisimama, usikae unauliza "tutaondoka saa ngapi?" Hakuna anayejua, na atakayekujibu atakudanganya ili umwache. Uliza hivi: ni umeme, ni mashine, au ni njia? Hayo matatu hayafanani. Sehemu yetu, kuanzia huku mpaka Kamina, ina nyaya za umeme, na masika ya Katanga yana radi nyingi. Kama treni inavutwa kwa umeme na umekatika, mara nyingi ni suala la saa; kaa na mzigo wako, usiende mbali. Kama ni mashine, lazima ije nyingine kutoka mbali, hapo hesabu siku moja au mbili, na ufanye mambo ya siku moja au mbili: tafuta maji, tafuta moto. Kama ni njia, maana yake maji yamebeba udongo au kuna behewa limeacha reli mbele, jiandae kukaa. Hapo ndipo ninapopiga simu nyumbani kama mtandao upo.

Jibu la swali hilo linakusaidia pia kujua kama ushuke. Ukiwa unarudi na umeshafika Tenke, Fungurume au Likasi, barabara ya lami iko karibu, basi zipo, na mtu mwenye mzigo mdogo au mtoto mgonjwa ashuke bila kusitasita. Ukiwa kati ya Bukama na Tenke, baki na treni. Nimeona watu wakishuka porini kwa hasira, wakitembea wakitafuta kijiji chenye pikipiki, na mvua ikawakuta njiani wakiwa na mizigo kichwani. Wengine tuliwapita siku mbili baadaye, tukiwa ndani ya treni ileile waliyoikimbia.

Nije kwenye neno lililonifanya niandike haya yote.

Usiku wa pili pale stesheni ndogo, treni ya mizigo ilikuja ikasimama. Ilikuwa inaelekea Tenke. Mabehewa mengine yalikuwa matupu. Ndani ya dakika chache watu walikuwa wanapanda: vijana kwanza, kisha akina baba, kisha mama wenye watoto mgongoni, wanapokezana mizigo gizani. Nami nilikuwa nimechoka, samaki wananuka, nafikiria likelemba. Nilishika chuma cha behewa, mguu mmoja nikauweka juu. Chuma kilikuwa baridi na kimelowa, mkono ukateleza. Nikaangalia nyuma, nikaona matenga yangu yaliyobaki mazima yako mbali, hakuna wa kunibebea. Nikashusha mguu. Haikuwa hekima, ilikuwa mzigo tu. Treni ile ilifika salama, na waliopanda walikuwa nyumbani kabla yetu. Kwa miaka kadhaa nilijiona mjinga.

Kisha ikaja usiku wa tarehe 10 Machi 2022. Treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke iliacha reli Buyofwe, upande wa Lubudi. Ilikuwa imebeba watu waliopanda njiani kama nilivyotaka kupanda mimi. Baadhi ya mabehewa yaliangukia bondeni. Walikufa watu zaidi ya 60, na wengine wengi wakaumia. Ni njia ileile, mwezi uleule wa tatu, mvua zilezile.

Ndugu zangu, wale watu hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliosubiri. Mtu aliyekaa siku tatu bila kuambiwa lolote, chakula kimeisha, mtoto analia, atapanda chochote kinachosogea. Kwa hiyo nawaambia mambo mawili. Wewe msafiri, behewa la mizigo halina kiti, halina cha kushika, na hakuna orodha yenye jina lako. Likianguka, ndugu zako watakutafuta bila kujua hata kama ulikuwemo. Usipande. Samaki waoze. Nimeozesha samaki, najua bei yake, na bado nasema waoze.

Na ninyi mnaoendesha reli: tuambieni. Mtu mmoja apite behewa hadi behewa, asubuhi na jioni, aseme "mashine haijatoka" au "wanajaza kokoto, si leo." Hilo halihitaji mashine mpya wala fedha za kutoka nje. Ninavyowajua abiria wa njia hii, wanavumilia mvua, njaa na mbu. Kunyamaziwa ndiko kunakowapandisha kwenye mabehewa ya mizigo.

Ili usifike kwenye kishawishi hicho, beba chakula cha siku tatu zaidi ya safari yenyewe. Mimi nabeba unga wa bukari (ugali), karanga za kukaanga, mihogo ya kuchemsha ya kuliwa siku ya kwanza, na mbabula ndogo (jiko la makaa) na mfuko wa makala, yaani makaa yenyewe, kwa kuwa kuni za masika hazishiki moto. Mbabula naiwasha nje; chini ya treni sikai, hata ikiwa imesimama kabisa. Maji ya kunywa bidoni mbili za lita 5. Dawa ya malaria, chandarua, koti zito. Watu wa huku tunaogopa baridi ya mwezi wa sita peke yake, lakini usiku wa mvua ndani ya behewa lisilo na vioo unatetemesha vilevile. Pesa igawe sehemu mbili, simu izime ukiwa hauitumii.

Nyumbani nimeacha kusema "nafika Jumamosi." Natuma ujumbe wa stesheni niliyoiacha nyuma, basi. "Nimepita Luena." "Nimepita Lubudi." "Nimepita Tenke." Mama yangu anaziandika kwa kipande cha makala kwenye ukuta wa jikoni, moja chini ya nyingine. Akiandika Likasi, ndipo anamtuma mtoto akamtafute mtu wa pusupusu, mkokoteni wa kusukuma, amwambie asiende mbali.